UZI: Wizara ya Viwanda na Biashara huulizwa kila mwaka. Nani anarudi kuuliza tena?

SiagiYaTabata (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu. Leo mvua imetufungia ndani huku Tabata na umeme upo, kwa hiyo naandika yote. Utakuwa mrefu, mnivumilie.

Mimi nasaga viungo na siagi ya karanga. Nina wasichana wanne kwenye mashine na kijana mmoja wa kusambaza madukani. Kwa kazi hii wizara yangu ni Viwanda na Biashara, na anayeijua anajua kwamba ni nyumba yenye milango mingi. Jina la kampuni unalipata BRELA. Ubora ni TBS. Mizani ni Wakala wa Vipimo. Mafunzo na mashine ni SIDO, Sabasaba ni TanTrade, bidhaa bandia ni Tume ya Ushindani. Tangu 2019, TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ilipoondolewa kwenye chakula, hata mambo ya usalama wa chakula yako TBS. Milango yote hiyo ina waziri mmoja, na anayeruhusiwa na Katiba kumsimamisha waziri huyo na kumuuliza "hii vipi" ni mbunge.

Ibara ya 63 inasema wazi: Bunge ndilo chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali na vyombo vyake vyote. Kwa niaba yetu. Ndiyo maana nikiangalia Bunge siangalii kama tamthilia. Pale namwangalia mtu niliyemtuma dukani, na nataka kujua amerudi na nini.

Sasa kisa kilichonifanya niandike. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nimepanga chumba kwenye eneo moja la viwanda vidogo hapa mjini. Sitalitaja, wala ofisi iliyokuwa ikilisimamia, kwa sababu hoja yangu ni kubwa kuliko wao. Tukatangaziwa kwamba kamati ya Bunge inakuja. Siku mbili kabla ya ugeni kuta zikapakwa chokaa, mtaro ulioziba tangu masika ukazibuliwa, na mashine ya kukaushia, ambayo tangu nihamie pale sijawahi kuisikia ikinguruma, ikafutwa vumbi na kuwashwa. Tukaambiwa mgeni akiuliza, tuseme tunashukuru.

Wabunge wakaja. Wakapita, wakapiga picha, wakaelezwa uwezo wa mashine kwa siku. Mmoja wao, mwanamke wa makamo, akasimama. Akamuuliza mtaalamu kwa sauti ya chini kabisa: "Wiki iliyopita ilikausha nini? Naomba daftari."

Daftari halikuwepo. Pale uwanjani watu tuliangaliana, na mimi machozi yalinilengalenga, nawaambieni kweli. Maana kwa miaka miwili tulikuwa tumeandika barua, tumelalamika vikaoni, tumejibiwa kwamba mashine inafanya kazi. Swali moja la yule mama lilifungua mlango wote. Mwenyekiti akaagiza kamati ipewe taarifa ya maandishi. Sisi tukashangilia.

Baada ya hapo kimya. Mwaka uliofuata kamati ilikwenda kwingine. Taarifa kama ilipelekwa, sisi hatukuiona. Mashine iko vilevile.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kufuatilia, na nimegundua kwamba Bunge letu halina upungufu wa maswali. Asubuhi kuna maswali ya msingi, na kila moja lina maswali ya nyongeza. Kuna kamati ya kisekta inayopitia bajeti kabla haijafika ukumbini. Kuna PIC, inayoangalia mitaji ya umma kwenye mashirika. Kuna PAC, kamati ya hesabu za Serikali, inayomhoji afisa masuuli, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha za taasisi, kwa ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kuna Kamati ya Sheria Ndogo. Kuna mjadala wa bajeti, na kuna kushika shilingi.

Hapo kwenye shilingi niseme kidogo, maana ndipo roho yangu inapouma. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika anaweza kutoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara wa waziri ili abanwe atoe maelezo. Ni silaha nzuri. Shilingi moja haina thamani ya pipi, lakini waziri analazimika kusimama na kujibu, na wabunge wengine wanaweza kuunga mkono. Tatizo ni kinachofuata. Waziri anasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nimhakikishie Mheshimiwa Mbunge kwamba Serikali italifanyia kazi." Mbunge anasema, "Narudisha shilingi." Makofi. Muda ukiisha inaingia gilotini, yaani mjadala unakatwa, na mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa pamoja.

Lini italifanyia kazi? Hakuna anayemuuliza. Hiyo shilingi imerudishwa kwa ahadi isiyo na tarehe.

Mfano mkubwa kuliko wangu: Liganga na Mchuchuma kule Ludewa. Chuma na makaa ya mawe. Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC, ambalo liko chini ya wizara hii hii, liliingia ubia na kampuni ya Kichina ya Sichuan Hongda mwaka 2011. Tangu hapo mradi umo kwenye hotuba za bajeti mwaka baada ya mwaka: mazungumzo yanaendelea, vivutio vinapitiwa, timu ya majadiliano inakamilisha. Watu wa Ludewa walifanyiwa tathmini ya ardhi zao wakakaa kusubiri, na fidia ikaanza kulipwa 2023. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mkataba alikuwa darasa la sita. Maswali yaliulizwa, tena mengi. Kilichokosekana ni mtu wa kuliweka jibu la mwaka jana mezani pembeni ya jibu la mwaka huu na kusema: mstari huu na huu ni ule ule, tueleze.

Hilo tu ndilo ninalolitaka kwa wabunge. Sitaki kelele zaidi. Nataka warudi.

KaraniMstaafu

Dada, uzi wako umenigusa. Nimefanya kazi serikalini miaka mingi upande wa hesabu, kwa hiyo nikuongezee jinsi jibu linavyopikwa.

Swali la msingi linafika wizarani kwa maandishi kabla ya siku yake. Linashuka kwa mkurugenzi, linashuka kwa afisa, afisa anapiga simu kwenye taasisi, taasisi inatuma aya mbili. Aya zinapanda tena, zikisafishwa kila ngazi, hadi zinafika kwa waziri zikiwa laini kabisa. Anachosoma waziri ni kazi ya watu watano waliokuwa na nia moja: lisizue jambo.

Swali la nyongeza halipiti huko. Waziri analisikia palepale na kulijibu palepale. Ndiyo maana nasema mbunge anayejua kazi yake huweka moto kwenye nyongeza. Kwa bahati mbaya wengi hutumia nafasi hiyo kuomba barabara ya jimboni au kumwalika waziri aje kutembelea. Siwalaumu kwa barabara, wapigakura wanaidai. Ila ile nafasi ndiyo pekee ambayo wizara haikuiandalia karatasi.

Jambo la pili ni neno "kufunga hoja". CAG akikagua, anaacha hoja za ukaguzi. Afisa masuuli anajibu, vielelezo vinahakikiwa, hoja inafungwa. Nimeona hoja nyingi zikifungwa kihalali. Nimeona pia juhudi kubwa ikienda kwenye kutafuta karatasi ya kufungia kuliko kurekebisha jambo lenyewe. Mashine yako ingeweza kuwa na hati ya mapokezi, hati ya matengenezo na picha, na kwenye jalada ikawa nzima. Yule mbunge aliuliza daftari la uzalishaji, yaani aliuliza kitu ambacho hakiwezi kutengenezwa usiku mmoja. Wakaguzi wazuri wote huuliza hivyo.

MzeeWaGerezani

Marahaba wanangu. Mimi niko Kariakoo na Gerezani tangu enzi za ugawaji, na nataka kukumbusha lililotokea kwenye wizara hii hii, kwa kuwa vijana wengi hawalijui.

Mwaka 2011 na 2012 kulikuwa na sakata la TBS na ukaguzi wa magari yaliyotumika kabla ya kupakiwa melini. Kwenye makaratasi kulikuwa na mawakala na ofisi nje ya nchi. Wabunge wa kamati za hesabu hawakuridhika na makaratasi. Walipanda ndege wakaenda Hong Kong na Singapore kuzitafuta hizo ofisi, wakakuta hazipo. Kama ni kuuliza daftari, basi hilo lilikuwa daftari la kimataifa.

Aprili 2012 ripoti ya CAG ikawaka moto Dodoma. Zitto Kabwe, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma, akaanza kukusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda. Katiba, Ibara ya 53A, inataka asilimia 20 ya wabunge wote, na wakati ule hiyo ilikuwa saini 70. Zikapatikana. Spika Makinda akasema taarifa lazima itolewe siku 14 kabla, kwa hiyo hoja haikufika kupigiwa kura. Lakini mwezi Mei Rais Kikwete akapangua Baraza la Mawaziri na mawaziri 6 wakatoka. Mmoja wao alikuwa Cyril Chami, Waziri wa Viwanda na Biashara. Nafasi ikachukuliwa na Abdallah Kigoda.

Naomba mliangalie vizuri hilo. Waziri hakuondoka kwa sababu ya hotuba kali. Aliondoka baada ya watu kwenda kuona kwa macho, kurudi na taarifa, na kuishikilia miezi kadhaa.

Pwani_Moja

Mzee heshima yako, lakini hiyo ni 2012. Tuseme ukweli wa miaka ya karibuni. Bunge la 12, la 2020 hadi 2025, halikuwa hata na kambi rasmi ya upinzani, kwa sababu idadi ya wabunge wa upinzani haikutimia. Ile hotuba ya waziri kivuli, yaani msemaji wa upinzani kwa wizara, iliyokuwa ikisomwa baada ya waziri na kuonesha hesabu nyingine, ilipotea. Na hata mbunge wa chama tawala mwenye nia njema amefungwa. Ibara ya 55 inasema mawaziri wote wanateuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Leo unambana waziri, kesho unatamani kiti hicho hicho. Ibara ya 90 nayo inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Kila mmoja anayekaa pale anajua kwamba akikaza sana, anaweza kurudi jimboni kuomba kura upya kabla ya wakati.

Tusisahau na 2019. Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Assad, CAG mwenyewe, kwa sababu alisema kuna udhaifu wa Bunge. CAG ndiye jicho la PAC. Ukigombana na jicho lako utaona nini? Dada, unawadai wabunge warudi kuuliza wakati muundo wenyewe unawavuta wasirudi.

SiagiYaTabata

Mkuu Pwani, siwezi kukupinga kwenye muundo. Yote uliyosema yameandikwa na yalitokea. Upinzani ulipopungua, nami niliona vikao vikipoa, na naona ni hasara kwetu wafanyabiashara hata kwa wale tusio na chama.

Ila nakataa kukata tamaa, na sababu ninayo. Kamati Teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, ripoti yake ikatoka 2008, iliongozwa na Harrison Mwakyembe, mbunge wa CCM. Iliishia kwa Waziri Mkuu Lowassa kujiuzulu, na mawaziri wawili pamoja naye. Kwenye zile saini za 2012 alikuwemo marehemu Deo Filikunjombe, naye CCM. Alikuwa mbunge wa wapi? Ludewa. Huko huko kwenye Liganga na Mchuchuma. Alikuwa anajua uchungu wa kusubiri kwa niaba ya watu wake. Kwa hiyo muundo unavuta, ndiyo, lakini wamewahi kuwepo walioukataa mvuto huo wakiwa ndani ya chama kile kile.

Na kuna kingine kinachowashinda ambacho si woga, ni mzigo. Katika Bunge la 12 kamati moja ilipewa viwanda, biashara, kilimo na mifugo kwa pamoja. Hebu fikirini: mbolea, korosho, chanjo ya ng'ombe, BRELA, Liganga, na mashine yangu ya kukaushia, vyote mezani kwa kundi moja la watu kwa wiki chache. Hata mtu mwenye moyo safi atapitisha tu.

DukaLaKongo

Mimi niko Mtaa wa Kongo. Naongezea hapo kwenye mzigo, maana kuna na kupishana. Mei 15, 2023 tulipofunga maduka Kariakoo, Bunge lilikuwa linaendelea Dodoma kwenye bajeti. Madai yetu mengi yalikuwa kuhusu kikosi kazi cha TRA, risiti na stoo. TRA, yaani mamlaka ya mapato, ni Wizara ya Fedha. Leseni yangu ya kundi B inatoka halmashauri, huko ni TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Leseni za kundi A ndizo ziko BRELA. Waziri wa Biashara, anayebeba jina letu, hakuwa na mamlaka juu ya jambo lililotufungisha maduka. Ilibidi Waziri Mkuu ashuke mwenyewe Mnazi Mmoja tarehe 17 kukutana na sisi. Juni 2024 tukafunga tena.

Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ule wa 2018 ambao siku hizi tunauita MKUMBI, uliandikwa kuondoa hayo hayo: tozo zinazojirudia na mamlaka zinazogongana. Sasa mbunge anayetaka kuuliza umefikia wapi, anamuuliza nani? Ukimuuliza wa Biashara atasema tozo ile ni ya kilimo. Wa Kilimo atasema ni ya halmashauri. Kamati zinakaa kila moja na wizara yake, halafu mfanyabiashara ndiye anayezunguka na bahasha.

Na lile la Julai 2025 mnalikumbuka. Jafo, aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, alitoa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, ya kuzuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo rejareja, kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni na ununuzi wa mazao shambani. Faini isiyopungua milioni 10, au jela hadi miezi 6. Mimi naiunga mkono, niseme wazi, tulikuwa tumebanwa. Lakini ni amri ya waziri, haikupigiwa kura. Bunge lilikuwa limeshamaliza mkutano wake wa mwisho mwezi Juni.

KaraniMstaafu

Hapo, Duka, ndipo Kamati ya Sheria Ndogo inapoingia. Wananchi wengi hawaijui, na ndiyo inayopitia kanuni, amri na notisi zote ambazo mawaziri wanatia saini. Inaangalia kama waziri hajavuka mamlaka aliyopewa na sheria mama, kama vifungu havipingani, kama adhabu iko ndani ya kipimo. Bunge linaweza kuazimia irekebishwe au itenguliwe. Hata amri unayoipenda inahitaji kupitiwa hivyo, kwa sababu kalamu iliyoandika unayoipenda leo ndiyo itakayoandika usiyoipenda kesho.

Nilisoma_Ng'ambo

Habari wakuu. Nimerudi Mikocheni baada ya miaka mitatu Uingereza. Nisimulie moja tu, linaendana na hoja ya mleta uzi.

Kule tangu 1979 kila wizara ina kamati yake ya wabunge. Wizara ya biashara ikibadilishwa sura, kamati nayo inafuata. Ya sasa imezaliwa 2023. Tangu 2010 wenyeviti wengi wa kamati hizo wanachaguliwa na wabunge wote kwa kura ya siri, kwa hiyo mwenyekiti hana deni kwa kiongozi wa chama. Na kamati ikitoa ripoti, Serikali inatarajiwa kujibu kwa maandishi ndani ya miezi miwili, hoja kwa hoja, na jibu linachapishwa.

Shirika la Posta la kule ni mali ya Serikali, chini ya wizara ya biashara. Kati ya 1999 na 2015 mawakala wake zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, kumbe mfumo wa kompyuta, Horizon, ndio uliokuwa na kasoro. Watu walifungwa, wengine walifilisika. Januari 2024 kamati iliwaita walioumizwa, ikaita shirika, ikaita kampuni ya mfumo, ikamwita na waziri. Mwezi Machi ikatoa ripoti ikitaka malipo ya fidia yawekewe muda wa lazima. Mei ikapitishwa sheria ya kufuta zile hukumu. Halafu Januari 2025, na huku uchaguzi mkuu umepita katikati na Serikali imebadilika, kamati ikarudi na ripoti nyingine: bado mnachelewa, watu wanazeeka wakisubiri. Serikali haikukubali kila kitu. Ila swali halikufa pamoja na Bunge lililoliuliza.

Pwani_Moja

Hiyo ya miezi miwili na jibu kuchapishwa, hata mimi naikubali. Haihitaji Katiba mpya. Ni kanuni tu.

SiagiYaTabata

Umesema vizuri, ndugu yangu. Nami naomba kingine kidogo kinachoweza kuanza hata kabla ya kanuni: kamati ikitembelea mahali, maagizo yake na tarehe za mwisho za kuyatimiza yabandikwe pale pale ukutani, tulipo sisi tunaobaki baada ya magari kuondoka. Sisi ndio tutakaowaambia kama agizo limetimia.

MzeeWaGerezani

Binti, wewe mwenyewe umeandika? Kwa Katibu wa Bunge? Mwananchi anaruhusiwa. Kamati zinapopokea maoni ya wadau hutangaza, na barua inapokelewa.

SiagiYaTabata

Nimeandika, Mzee. Kurasa mbili: tarehe ya ziara, agizo la mwenyekiti kama nilivyolisikia kwa masikio yangu, na ombi moja tu, kwamba kamati iombe upya lile daftari la wiki iliyopita. Wenzangu sita wa lile eneo wametia saini, wawili wamehama biashara lakini wamekuja kusaini. Nakala moja ni ya mbunge wangu. Jumatatu naipeleka kwa mkono ofisi ndogo ya Bunge, kule karibu na Karimjee, nigongewe muhuri wa masijala. Nimeshajiandikia kwenye kalenda ya ukutani siku ya kurudi kuulizia.

DukaLaKongo

Dada, niandikie ujumbe wa ndani. Sisi wa Kongo tuna stakabadhi za tozo tatu tofauti kwa kitu kimoja. Tungependa kuona ulivyoipanga hiyo barua.